Miti Imepandwa, Kura Ziko Wapi?

Desemba 2002, wapiga kura wa eneo bunge la Tetu, kaunti ya Nyeri ya leo, walimpa Wangari Maathai asilimia 98 ya kura zao. Alikuwa amesimama kwa tiketi ya NARC, muungano ulioiondoa KANU madarakani baada ya miaka karibu 40. Desemba 2007 alirudi kwa wapiga kura wale wale, safari hii akiwa mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Mchujo wa PNU, chama cha Rais Kibaki, ulikuwa umemtupa nje, kwa hiyo akasimama kwa tiketi ya chama kidogo alichokiongoza mwenyewe, Mazingira Green Party of Kenya.

Akashindwa.

Chama hicho kiliambulia kiti kimoja tu bungeni mwaka huo, cha Imenti Kaskazini kule Meru. Tangu hapo siasa ya kijani nchini Kenya imebaki bila chama chenye nguvu, katika nchi ambayo jiji lake kuu ndiko yaliko makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP. Je, chama cha mazingira kina kazi yoyote ya kufanya katika siasa za taifa kama hili? Au ni heri mazingira yaachiwe wanaharakati, mahakama na wizara?

Mabishano haya husikika kwenye mabaraza ya vijiji, kwenye korido za mahakama na kwenye vipindi vya redio vya asubuhi. Hoja ni za watu wengi. Hapa zimepewa vinywa vinne. Yupo mama wa Tetu aliyetunza vitalu vya miche tangu ujana wake. Yupo wakili wa Nairobi anayesimamia kesi za mazingira. Yupo kijana wa Lamu, mtoto wa mvuvi. Na yupo mzee wa Kiogiek kutoka msitu wa Mau, ambaye atakaa kimya kwa muda mrefu kabla ya kusema.

Mama anaanza, kwa sababu lawama imeelekezwa kwao.

"Msituambie kwamba Tetu haikupenda miti," anasema. "Miti ni sisi tuliyoipanda. Mbegu tuliziokota wenyewe. Tulitoboa mikebe mikuukuu chini ili maji yapite, tukajaza udongo na samadi. Na hakuna aliyelipwa kwa kuchimba shimo na kuchomeka mche. Ulilipwa senti zako baada ya mche kuonekana umeshika."

Anaueleza utaratibu wa Vuguvugu la Green Belt, lililoanza mwaka 1977, pale Wangari na wenzake walipopanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Malipo yalikuwa madogo sana, lakini yalimfikia mwanamke wa kijijini mkononi, bila kupitia kwa mume wala chifu. Maofisa wa misitu walikuwa na shaka kama wanawake wasio na vyeti wangeweza kukuza miti. Waliweza, na mamilioni ya miti hiyo yakasimama.

"Basi mbona mlimnyima kura?" kijana anauliza.

"Mwanangu, mwaka 2007 hakuna aliyetuuliza kuhusu miti. Tuliulizwa swali moja: uko na Kibaki au uko na Raila? Na Kibaki ni wa Othaya, hapo jirani tu. Aliyeshika tiketi ya PNU alikuwa ameshika jina la Kibaki. Mimi niliyempenda Wangari niliogopa kwamba kumpa kura yeye ni kuipunguza ile nyingine." Ananyamaza kidogo, kisha anaongeza jambo ambalo wasifu nyingi za Wangari hulipita haraka. "Halafu kulikuwa na mashamba ya msituni."

Hapo pana uzito. Kwa miongo mingi serikali iliwaruhusu wakulima kulima viazi, kabichi na maharagwe ndani ya misitu ya umma, katikati ya miche michanga ya misonobari na misipresi, hadi miti ikue na kuwafunika. Utaratibu huo uliitwa shamba system. Wangari, akiwa Naibu Waziri wa Mazingira tangu Januari 2003, aliupinga waziwazi. Alisema umegeuka mlango wa kuumega msitu wa asili kidogo kidogo, na mwaka 2003 ukasimamishwa. Kwa mwanasayansi hoja yake ilikuwa wazi. Kwa familia isiyo na ardhi inayoishi ukingoni mwa Aberdare, ilikuwa ni msimu mzima wa viazi uliotoweka.

"Nilielewa kwa nini," mama anasema. "Lakini jirani yangu hakuelewa, na kura yake ilikuwa moja kama yangu."

Wakili anatikisa kichwa. Yeye haoni kwamba tatizo lilikuwa Tetu, wala viazi, wala Wangari. Tatizo, kwa maoni yake, ni hesabu.

Anaichukua Ujerumani kama mfano, kwa sababu ndiko chama cha kijani kilikokua hadi kikashika serikali. Chama cha Die Grünen kiliundwa Karlsruhe mwezi Januari 1980. Miaka mitatu baadaye, katika uchaguzi wa 1983, kilipata asilimia 5.6 ya kura za nchi nzima, na kwa sababu viti vya Ujerumani hugawanywa kwa uwiano wa kura, asilimia hizo ziliwapa wabunge 28. Wakaingia bungeni na vyungu vya maua mikononi. Nchini Uingereza, ambako kila jimbo humchagua mmoja tu aliyeongoza, chama cha kijani kilipata kura zaidi ya milioni moja mwaka 2015, na zote pamoja zikazaa mbunge mmoja.

"Kenya tulirithi mfumo wa Uingereza," wakili anasema. "Maeneo bunge 290, kila moja na mshindi wake. Sema asilimia tano ya Wakenya, kuanzia Kwale hadi Turkana, wakipende chama cha kijani kwa moyo wote. Wametawanyika. Hawaongozi popote. Watapata nini? Hawapati kitu. Na huwezi kuanzisha chama cha Lamu pekee kwa ajili ya bahari yenu. Katiba inataka chama kiwe na sura ya kitaifa, na sheria ya vyama inataka wanachama angalau 1,000 wenye kura katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti zote 47."

"Ndiyo maana Wangari mwenyewe," anaendelea, "alipowania urais mwaka 1997 kwa tiketi ya Liberal Party, hakufika hata asilimia moja. Tena kabla tu ya kura, vyombo vya habari vikaeneza uvumi kwamba amejitoa na anamuunga mkono mwingine. Chama kidogo hakina hata sauti ya kukanusha uongo kwa wakati."

Kwa hiyo wakili anapendekeza njia nyingine, ile anayoitembea kila siku. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 69 inaitaka serikali ifikishe miti asilimia 10 ya eneo la nchi. Ibara ya 70 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki hiyo, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi ameumia. Juu ya hayo ikaundwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ni katiba chache duniani zilizompa mwananchi silaha za namna hiyo, na zimetumika. Juni 2019 jopo la taifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichopangwa kujengwa Kwasasi, Lamu, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

"Kesi ile ilifunguliwa na watu wenu, kijana wangu," wakili anamwambia. "Mlishinda bila mbunge hata mmoja wa kijani. Chama cha nini?"

Kijana wa Lamu alikuwa akiingoja sentensi hiyo.

"Tulishinda, ndiyo, na tunakushukuruni nyinyi mawakili. Lakini hebu isome hukumu tena, ndugu wakili. Jopo lilisema tathmini ina kasoro na umma haukushirikishwa. Halikusema makaa ya mawe ni marufuku Lamu. Kesho akija mwingine na makaratasi yaliyonyooka, na mikutano ya hadhara iliyopigwa picha vizuri, tutamzuia kwa lipi? Kuamua kwamba nchi hii haitaki makaa ya mawe ni kazi ya sera, na sera hupitishwa bungeni."

Kisha anamtaja baba yake. Ujenzi wa bandari ya Lamu ulichimbua njia za meli na kuvuruga mikoko, matumbawe na maeneo ya uvuvi waliyoyajua vizazi na vizazi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hukumu ilisomwa siku moja. Kuitafuta fidia yenyewe kukawa kazi ya miaka. Kisiwani, anasimulia kijana, mtu akinunua mashine ya boti kwa mkopo, muuzaji humuuliza kama analipa kwa samaki au kwa ile fidia, na akisema fidia hapewi mashine.

Mifano haiishi Lamu. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu sumu ya risasi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na sehemu kubwa ya mzigo huo ikaangukia taasisi za serikali zilizoshindwa kusimamia kiwanda. Rufaa ikafuata, ushindi ukapinduliwa, hadi Mahakama ya Juu ilipourudisha Desemba 2024. Watoto waliopimwa damu mwanzoni mwa sakata hiyo sasa ni watu wazima.

"Fidia ya serikali inatoka kwenye bajeti," kijana anasema. "Bajeti inapitishwa na wabunge. Nionyesheni mbunge mmoja ambaye chama chake kitamwadhibu akiisahau Owino Uhuru wakati wa bajeti. Jaji anaweza kusema hapana. Hawezi kupanga fungu la fedha."

Ni hoja nzito kuliko inavyosikika kwa mara ya kwanza, na historia ya Kenya inaiunga mkono. Mwaka 1989 serikali ya Rais Moi ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park. Wangari aliandika barua kwa kila aliyedhani angesikia, ndani na nje ya nchi. Bunge, ambalo wakati huo lilikuwa la chama kimoja, lilitumia kikao kumkejeli mwanamke huyo na vuguvugu lake. Mradi ulikufa baada ya wafadhili wa nje kujiondoa. Bustani iliokolewa na shinikizo lililotoka kila mahali isipokuwa bungeni. Vivyo hivyo kwa msitu wa Karura, Nairobi, ambako Januari 1999 Wangari na wenzake walipigwa na genge lililokuwa na silaha, naye akatoka damu kichwani, kwa sababu walikwenda kupanda miti kwenye ardhi iliyokwisha kugawiwa wajenzi.

Lakini Karura ina sehemu ya pili ya hadithi, na mama wa Tetu anaikumbusha. Mwaka 2005, Wangari akiwa bado serikalini, bunge lilipitisha Sheria ya Misitu iliyowapa wananchi wanaoishi kando ya misitu nafasi ya kuunda vyama vya jamii na kushiriki katika usimamizi. Chini ya sheria hiyo wakazi wa jirani wakaungana na Shirika la Huduma za Misitu, uzio ukajengwa, na msitu ule ambao watu waliuogopa kwa wahalifu ukafunguliwa. Leo watu hukimbia, hutembea na kuendesha baiskeli katika hekta zaidi ya 1,000 za miti katikati ya jiji.

"Damu yake ilizuia majumba," mama anasema. "Sheria ndiyo iliyoufanya msitu uishi. Vitu viwili hivyo, mwanangu wakili, usivitenganishe."

Wakili hakubali upesi. Anauliza: hata sheria nzuri, je, zinahitaji chama cha kijani? Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu zilizofika faini ya shilingi milioni nne au kifungo cha miaka minne. Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Hakuna hata moja ya hatua hizo iliyotungwa na waziri wa chama cha kijani, na mtu akitembea Kigali, Nairobi au Dar es Salaam anaiona tofauti kwa macho yake.

Wakili ana sababu nyingine ya kuushika mfano wa Rwanda. Rwanda inacho chama cha kijani, Democratic Green Party, kilichoanzishwa mwaka 2009 na Frank Habineza na wenzake. Kilitaabika miaka minne kabla ya kusajiliwa Agosti 2013, na Julai 2010 makamu wa rais wake, André Kagwa Rwisereka, aliuawa. Viti vya bunge la Rwanda hugawanywa kwa uwiano wa kura, na chama hicho kilipata viwili mwaka 2018, vikabaki viwili mwaka 2024. Lakini katika uchaguzi wa rais wa mwaka huo wa 2024, Habineza alipata asilimia 0.5, naye Paul Kagame akatangazwa mshindi kwa asilimia 99.18.

"Kwa hiyo hata ukipewa mfumo wa Kijerumani," wakili anasema, "uwanja wa siasa ukiwa umebanwa, chama cha kijani kinakuwa pambo."

Kijana anaipinga hoja ya mifuko, siyo ya Rwanda. Marufuku ya mifuko ilidumu, anasema, kwa sababu haikuwa na mwenye nguvu aliyeumia sana. Linganisha na mbao. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Aliyetangaza hatua hiyo alikuwa Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto. Julai 2023 zuio hilo likaondolewa, na aliyetangaza kuliondoa ni Rais William Ruto, yule yule ambaye miezi michache kabla alikuwa amezindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Wanasheria wakakimbilia mahakamani kulisimamisha agizo lake. "Mtu mmoja anafunga msitu, mtu huyo huyo anaufungua, na sisi tunangoja ameamkaje," kijana anasema. "Chama chenye msimamo ulioandikwa kingekuwa na cha kuulizwa. Rais akibadilika, nani wa kumuuliza?"

Ni hapa mzee wa Mau anaposafisha koo.

"Nimewasikiliza nyote," anasema kwa upole. "Mnasema mazingira, mazingira. Kwetu neno hilo huja na lori na mtu mwenye bunduki."

Waogiek ni watu wa msitu wa Mau tangu zamani, wafugaji wa nyuki waliojua mti gani unachanua mwezi gani. Oktoba 2009 waliandikiwa notisi ya siku 30 waondoke msituni, kwa sababu iliyotajwa ya kulinda chemchemi za maji. Wakaenda hadi Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama hiyo ilitamka kwamba Kenya imekiuka haki zao, na kwamba kulinda mazingira hakukuwa sababu ya kutosha ya kuwafukuza, kwani si wao waliouharibu msitu. Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi milioni 157.85 na warejeshewe ardhi yao kwa hatimiliki ya pamoja. Novemba 2023 nyumba za Waogiek zikabomolewa tena, Sasimwani, Narok. Ni mwezi huo huo, tarehe 13, ambapo taifa zima lilipewa siku ya mapumziko ili lipande miti.

"Siku ile watoto wetu walikuwa wamelala nje," mzee anasema. "Sasa huyo atakayekuja kuniomba kura kwa jina la miti, nimjibu nini?"

Hakuna anayemjibu mara moja, na haifai kumjibu mara moja. Maneno yake yanagusa kiini cha tatizo kuliko hesabu za wakili. Wanasiasa wa Kenya wanajua kwamba Mau ni mtego: Raila Odinga, akiwa Waziri Mkuu, alisukuma kazi ya kuwaondoa watu waliopewa vipande vya msitu huo, na inakubalika kwa mapana kwamba jambo hilo lilimgharimu kura za Bonde la Ufa. Waliogawiwa ardhi kwa hila za wakubwa na Waogiek waliozaliwa humo waliwekwa kapu moja. Hata nishati safi haijapona. Mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana huzalisha hadi megawati 310 na nchi inajivunia, lakini Oktoba 2021 mahakama mjini Meru ilisema hatimiliki za ardhi yake, ekari zipatazo 150,000, zilitolewa kinyume cha sheria, kwa sababu ardhi ile ilikuwa ya jamii.

Kwa hiyo chama cha mazingira kitakachoanza na miti kitaanguka kabla ya kufika Narok. Kitakachoanza na swali la nani anaishi wapi, kwa haki gani, kina nafasi. Katika nchi kame, ambayo ardhi imekuwa chanzo cha ugomvi tangu enzi za walowezi, hilo haliwezi kuwa kipengele cha nyongeza kwenye ilani.

"Na mkishinda?" Wakili ana swali la mwisho, nalo ni la haki. Anarudi Ujerumani. Mwaka 1985 Joschka Fischer aliapishwa kuwa waziri wa mazingira wa jimbo la Hessen akiwa amevaa raba nyeupe, na vijana wakashangilia. Mwaka 1999, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliunga mkono mashambulizi ya NATO kuhusu Kosovo, na mtu mmoja akampiga kwa mfuko wa rangi nyekundu kwenye mkutano wa chama, sikio likaumia. Januari 2023 polisi waliwaondoa wanaharakati katika kijiji cha Lützerath ili mgodi wa makaa ya mawe upanuliwe, wakati mawaziri wa kijani wako serikalini Berlin na jimboni humo pia. Walieleza kwamba kwa mkataba ule makaa ya mawe ya eneo hilo yangeachwa mwaka 2030, miaka minane mapema kuliko ilivyopangwa. Waliokuwa wamekaa juu ya miti hawakutaka maelezo. Februari 2025 chama kikapata asilimia 11.6 na kurudi upinzani.

"Wamewaudhi watu wao," mama anakubali. "Lakini ndani ya miaka hiyo walifunga mitambo yote ya nyuklia waliyoapa kuifunga, au nimesikia vibaya?"

Hajasikia vibaya. Mitambo mitatu ya mwisho ilizimwa tarehe 15 Aprili 2023. Mtu anaweza kubisha kama uamuzi huo ulikuwa wa busara wakati wa uhaba wa gesi, na Wajerumani wengi wanabisha, lakini hawezi kukana kwamba chama kiliahidi jambo mwaka 1980 na jambo hilo likatendeka. Na kuna sehemu ya historia hiyo ambayo wakili ameiruka. Die Grünen hawakuanzia bungeni. Mbegu yao ilikuwa kwenye mapambano ya mahali kama Wyhl, ambako mwaka 1975 wakulima wa zabibu na wanafunzi waliikalia ardhi ya mradi wa nyuklia hadi ukaachwa. Waliingia kwanza kwenye mabaraza ya miji na ya majimbo. Bremen waliingia mwaka 1979, kabla chama cha kitaifa hakijaundwa.

Hapo ndipo hesabu ya wakili inapoanza kulegea. Ni kweli kwamba chama cha kijani hakitapata maeneo bunge mengi Kenya, na pengine kwa muda mrefu hakitapata hata moja. Lakini katiba ile ile ya 2010 anayoitegemea mahakamani iliunda wadi zenye wawakilishi wake, leo zikiwa 1,450, na ikazikabidhi kaunti uzoaji wa taka, maji, hifadhi ya udongo na utekelezaji wa sera za misitu. Dampo la Dandora, Nairobi, lilitangazwa kujaa mwaka 2001 na bado malori yanamwaga taka humo, huku watoto wakiokota vyuma na plastiki ndani ya moshi. Hilo halihitaji rais wa kijani. Linahitaji wawakilishi wachache wa wadi ambao wakikaa kwenye kamati ya bajeti ya kaunti hawatakubali fungu la dampo lihamishiwe kwenye magari na safari. Wadi hushindaniwa na kupatikana kwa kura elfu chache, na elfu chache zilizokusanyika mahali pamoja kwa ajili ya kero moja ndizo ambazo Lamu, Owino Uhuru na Dandora wanazo tayari.

Sharti la wanachama 1,000 katika kaunti 24 nalo halitishi kama wakili anavyolisema. Ni watu 24,000. Vuguvugu la Green Belt liliwahi kuwafikia wanawake wengi kuliko hao, bila simu na bila barabara za lami.

Kosa la chama cha Mazingira mwaka 2007, kwa tathmini ya makala haya, lilikuwa kuanzia juu. Kilitegemea jina kubwa la kiongozi wake. Kikamsimamisha mshindi wa Nobel dhidi ya wimbi la uchaguzi wa urais, katika uchaguzi uliogawanya nchi kwa makabila hadi damu ikamwagika baada ya matokeo. Wangari alifariki tarehe 25 Septemba 2011, kabla ya uchaguzi wa kwanza wa kaunti uliofanyika 2013. Hakuwahi kuupata uwanja ambao ungemfaa zaidi.

Mahakama ziendelee, na wanaharakati wasiweke chini mabango yao. Lakini hukumu za Waogiek, wavuvi wa Lamu na Owino Uhuru zinangoja mtu wa kuzitengea fedha, na mtu huyo hupatikana kwa kura. Chama kitakachoomba kura hizo kiweke hatimiliki ya Waogiek na fidia ya wavuvi kwenye ukurasa wa kwanza wa ilani, juu ya idadi yoyote ya miche.

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Msomaji ambaye wadi yake ina dampo, mto uliokufa, au watu waliofukuzwa msituni asingoje kuletewa mgombea na vyama vilivyopo. Amtafute sasa, yeye na majirani zake, na wamwandikie wenyewe masharti ya kura yao.